Yule mtu wa Morisi alikuwa anafanya tu kazi ya kukhu

Kukhu wangu, yani nyanya yangu, alikuwa na bata wawili kule Ileho na wote wawili walikuwa wazazi bure kabisa. Bata akishataga anaenda zake mtoni, mayai yanabaki baridi, ukirudi jioni unakuta kenge alishapita. Kwa hiyo kukhu alikuwa anayatoa mayai ya bata anayaweka chini ya kuku, lakini si kuyaweka ovyo ovyo. Anaanza na ya bata, anayapiga alama ya msalaba kwa mkaa, anangoja wiki nzima ndo anaongeza ya kuku mwenyewe, kwa sababu ya bata huchukua siku 28 na ya kuku 21, sasa ukiyaweka siku moja vifaranga vya kuku vitatoka mapema, mama ainuke navyo aende, na ya bata yafie hapo yakiwa yamebakisha siku chache tu. Usiku anakuja na tochi, anashika yai moja moja mbele ya mwanga, hili liko na mishipa, hili ni maji tu, toa. Hiyo kitu hakufundishwa na semina yoyote.

Nimemkumbuka sana wiki hii kwa sababu nimekuwa nikisoma maisha ya Carl Jones, mwanabiolojia wa Wales ambaye watu wa ndege wanamhesabu kati ya walioponya aina nyingi zaidi zisipotee duniani, na kila nikifika mahali wanaeleza mbinu zake za ajabu nacheka peke yangu. Ni kukhu huyu! Ni kukhu na bata wake, tofauti ni kwamba huyu alipewa tuzo ya uhifadhi ya Indianapolis mwaka 2016, dola 250,000, na kukhu wangu alipewa leso ya kampeni.

Wacha nieleze kidogo kwa wale hawamjui. Jones alizaliwa 1954 na tangu utotoni alikuwa anafuga ndege nyuma ya nyumba ya wazazi wake, kozi, bundi, yani vile vijana wetu hufuga njiwa. Mwaka 1979 akiwa na miaka 24 akatumwa Morisi (Mauritius), kile kisiwa cha dodo, yule ndege mkubwa aliyetoweka zamani. Kulikuwa na ndege anaitwa kozi wa Morisi, mdogo tu, mla mijusi, na mwaka 1974 waliojulikana kubaki porini walikuwa wanne. Wanne dunia nzima, na kati ya hao jike aliyekuwa anazaa ni mmoja. Msitu ulikuwa umekatwa kupandwa miwa (sisi wa Mumias tunaielewa hiyo sentensi bila kuelezwa), DDT ilipigwa kila mahali kuua mbu wa malaria, na meli zilikuwa zimeleta panya, paka, nguchiro na tumbili ambao wote wanapenda mayai. Jones hakutumwa kumwokoa huyo ndege. Alitumwa kuufunga mradi, akabidhi vitu kwa serikali arudi nyumbani.

Na kuna kitu kinatuhusu hapa. Mwaka huo huo wa 1979 mwanaikolojia Norman Myers, ambaye alikuwa anaishi hapa hapa Kenya, aliandika kwamba pengine ingekuwa busara kumwachilia kozi wa Morisi aende na hatima yake, hizo pesa zisaidie ndege wengine wenye nafasi nzuri ya kuishi. Usimcheke. Ni hesabu ile ile daktari anafanya akiwa na wagonjwa kumi na mtungi mmoja wa oksijeni, na kwa karatasi hesabu yake ilikuwa sawa. Mimi mwenyewe ningekuwa kwa hicho kikao ningeinua mkono kumuunga mkono.

Jones hakufunga. Alipanda kwenye magenge ambako kozi walikuwa wamebaki kutagia, akachukua mayai ya kwanza, kwa sababu kozi akipoteza mayai mapema hutaga mengine, na hapo kila mama wa Shinyalu anayeuza mayai anaweza kukueleza, ukimtolea kuku mayai anaendelea, ukimwachia anaatamia na kusimama kutaga. Yale ya kwanza yakaenda kwa inkubeta. Yai likiatamiwa linapoteza maji kidogo kidogo, kwa hiyo unalipima uzito, likipungua haraka unaongeza unyevu, likichelewa unapunguza. Kifaranga akitoka unamlisha nyama iliyosagwa ya panya na kware. Na yule jike porini naye analishwa panya weupe ili apate nguvu ya kutaga tena, ndege wa mwituni kabisa anakuja kuchukua panya kutoka kwa binadamu. Wakiota manyoya wanapelekwa msituni kwenye sanduku, mlango unafunguliwa, chakula kinaendelea kuletwa hapo mpaka wajue kuwinda. Kufikia 1994 walikuwa wamewaachilia zaidi ya 300.

Halafu akaendelea. Njiwa wa waridi walibaki karibu kumi porini mwanzoni mwa miaka ya 90, leo ni mamia. Kuna kasuku mdogo wa kijani wa hapo Morisi, walifika kama dazeni moja tu, sasa wamepita 700. Kwa kasuku huyo wakagundua mama huangua vifaranga wawili watatu halafu yule mdogo anakufa njaa kiotani, basi wakawa wanapanda, wanamtoa huyo mdogo kabla hajafa, wanampeleka kwa mama mwingine ambaye yai lake halikuangua. Huyo mama anapewa mtoto si wake na analea tu.

Sasa kinachonikera si Morisi. Ni huku kwetu.

Nimekaa kwa mikutano ya mazingira ya kutosha hapa Kakamega na Kisumu kujua inavyoenda. Chai na mandazi saa nne. Mtu anasimama na projekta, grafu inashuka kutoka kushoto kwenda kulia, ndege fulani wamepungua, wote tunasema aaah kwa huzuni. Mwaka ujao grafu ni ile ile imeongezwa kipande na kimeshuka zaidi, wote tena aaah. Tumekuwa hodari wa kuhesabu. Mimi siidharau kazi ya kuhesabu, bila hesabu hungejua wamebaki wanne, lakini mahali fulani njiani kuhesabu kuligeuka kuwa ndiyo kazi yenyewe, na mtu anaweza kupata digrii tatu kwa ndege ambaye hajawahi kumshika, na siku anapata hiyo ya tatu ndege mwenyewe hayuko.

Chukua kasuku wa kijivu. Mkenya anamjua kasuku kuliko ndege yeyote, tumeandikia somo la hesabu kwenye daftari la Kasuku, tumekaangia mandazi mafuta ya Kasuku, na msitu wa Kakamega ndio pahali pa Kenya ambapo kasuku wa kijivu ni mwenyeji, kwa sababu huu msitu ni kama ukingo wa mwisho wa mashariki wa ile misitu mikubwa ya Kongo. Wazee wa Isukha wanakueleza walikuwa wanapita makundi makundi jioni wakipiga kelele. Leo unaweza kukaa Isecheno wiki nzima na usione hata mmoja, waliobaki ni wachache mno. Alitiwa kwenye orodha ya walio hatarini 2016, na mwaka huo huo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara ya kasuku wa porini. Sawa. Lakini Nairobi na Mombasa kuna kasuku wa kijivu kwa vyumba vya watu, wengi wao wametolewa Kongo, na mwaka 2025 KWS, shirika la serikali la wanyamapori, ikatangaza msamaha wa siku 90 kwa waliokuwa nao bila vibali wajiandikishe.

Niliposikia huo msamaha nilifurahi na mara hiyo hiyo nikajiuliza, halafu? Hapo ndipo Jones angeanza kuuliza maswali ya kukhu. Nani kati ya hao ni jike na nani dume? Nani bado anaweza kuruka na nani mbawa zimekatwa? Huko msituni kuna miti mikubwa yenye mashimo ya kutagia au ilishaisha yote kwa mbao, na kama imeisha nani anaweza kutengeneza sanduku la mbao kesho asubuhi, maana fundi wa meza wa pale Shinyalu analitengeneza kwa nusu siku? Sijasema tuwamwage kasuku wa sebuleni msituni, hapana, wanaweza kupeleka magonjwa, na kasuku wa Kongo si lazima awe sawa na wa hapa. Ninasema hayo maswali ya mikono huwa hayaulizwi, na kwa Morisi hayo ndiyo yaliulizwa kwanza.

Nikupe mfano wa pili, huu niliuona na macho yangu. Kuna jamaa yangu upande wa Trans Nzoia, shamba lake linashuka mpaka kwa kinamasi, si mbali sana na Saiwa, na kila mwaka korongo taji wawili wanataga hapo kwenye mafunjo. Korongo taji unamjua, yule wa bendera ya Uganda, mwenye taji la dhahabu, hata watoto wakimwona wanaacha mpira. Tangu 2012 ameorodheshwa kuwa hatarini duniani, shida kubwa ikiwa ni hivi vinamasi tunavyovikausha tupande viazi na mahindi. Huyo jamaa akaona mayai matatu, mvua ikawa nyingi, maji yanapanda kila siku. Akapiga simu ofisi fulani. Akaambiwa asiguse, ni mali ya serikali, watakuja. Na kusema kweli ni jibu sahihi, sheria ya wanyamapori ya 2013 haichezi, ukipatikana na yai la korongo mfukoni utaelezea hakimu kwamba ulikuwa mwokozi. Jamaa akawa anaenda kila asubuhi na gamubuti anasimama mbali anaangalia. Siku ya nne maji yalifika kwa kiota, mama korongo amesimama pembeni, haatamii tena, amesimama tu. Siku ya tisa wakaja vijana wawili na pikipiki, wakapiga picha ya mahali kiota kilikuwa, wakaandika.

Mimi siwalaumu wale vijana, walikuwa wamepewa kalamu na hawakupewa kitu kingine. Lakini angalia ilihitajika nini pale. Mafunjo yaliyokatwa yaongezwe chini ya kiota kiinuke futi moja, au mtu mwenye ruhusa ayachukue mayai, na inkubeta ya kuku, zile za mayai 60 zinauzwa mpaka Kitale, ingeyabeba. Hakuna utafiti mpya hapo. Kuna sahihi ya mtu mmoja kwa karatasi moja, na huyo mtu sahihi yake ilikuwa kwa semina Naivasha.

Watu wataniambia hayo ni ya wazungu na visiwa. Basi nenda hapo Rwanda. Daktari wa mifugo anaitwa Olivier Nsengimana aliona korongo taji wako kwa hoteli na nyumba za matajiri kama mapambo, mbawa zimekatwa, na porini wanaisha. Hakuanza na grafu. Walitangaza msamaha na serikali, wakazunguka nyumba kwa nyumba, wakasajili kila mmoja, wakawapima magonjwa, walio wazima wakarudishwa porini kupitia mbuga ya Akagera na wale walioharibiwa mbawa, ambao hawataruka tena maisha yao yote, wakatengenezewa pa kukaa kwenye kinamasi pale Kigali panaitwa Umusambi Village. Sensa ya 2017 ilipata korongo 487 nchi nzima, na kufikia 2023 walikuwa wamepita 1000. Msamaha wao ulikuwa na halafu yake.

Ila nisijidanganye, kuna mahali hii hoja yangu inagonga ukuta, na ukuta wenyewe uko Bunyala.

Kama hujafika, Bunyala ni mpunga, maji, na ndege wengi ajabu wanaofuata konokono kwenye yale majaruba. Kuna korongo mmoja mweusi, mdomo wake una pengo katikati kama koleo mbovu, na hilo pengo limetengenezwa kwa konokono. Sasa wanavyowawinda ni hivi: unachukua konokono, unamtia Furadani, ile sumu ya wadudu ya chembechembe za zambarau, unampanga majini. Halafu unachukua korongo mzima uliyemshika jana, unamfunga mguu, unamsimamisha hapo katikati ili walio juu wakimwona wadhani pako salama. Wanashuka. Baada ya dakika chache wanaanza kuyumba kama walevi. Wanakusanywa, wanatolewa matumbo kwa imani kwamba sumu yote iko huko, nyama inauzwa. Watu wanakula, na watoto pia wanakula.

Kwa huyo korongo inkubeta haina kazi. Angua elfu moja, waachilie, watashukia mwenzao aliyefungwa mguu. Na yule kijana anayepanga konokono si nguchiro, huwezi kumtegea mtego ukamaliza, ana wadogo zake nyumbani na anajua bei ya nyama. Morisi tumbili hakuwa na mjumbe bungeni! Kwa hiyo mtu akiniambia Jones alipata kazi rahisi kwa sababu adui zake walikuwa panya na paka, ninakubali nusu. Hata flamingo wa Nakuru ni vivyo hivyo, maji ya ziwa yamepanda tangu 2010, chumvi ikazimuliwa, kile kimwani cha kijani wanachokula kikapungua, wakahamia Bogoria, na hata kutaga hawatagi huku, wanatagia Natron Tanzania, utamwekea nani sanduku.

Nusu nyingine sikubali. Kwa sababu Jones naye hakuwa mtu wa inkubeta tu. Kwenye Round Island, kisiwa kidogo kaskazini mwa Morisi, mbuzi na sungura waliokuwa wameletwa na binadamu walikuwa wamekula kila kitu mpaka udongo unateremka baharini, wakaondolewa, halafu kwa sababu kobe wakubwa wa zamani walishakufa wote wakaletwa kobe wa Aldabra wafanye kazi ya marehemu, kula majani na kusambaza mbegu. Yani alikuwa anauliza kila mahali kinachoua hapa ni nini, na nitakizuia vipi mwezi huu, wakati wengine bado wanaandika pendekezo la kutafiti kinachoua. Bunyala jibu la swali hilo si yai. Jibu ni duka la agroveti, ni nani anamuuzia kijana sumu ya shamba ambaye hana shamba, ni mama anayenunua ile nyama sokoni akaambiwa na mtu anayemwamini, mchungaji au daktari wa kliniki, kwamba kutoa matumbo hakutoi Furadani. Hiyo pia ni kazi ya mikono. Hata hiyo tumeifanyia wokshopu.

Na isije ikaonekana ninauza muujiza. Kozi wa Morisi alitolewa kwenye orodha ya walio hatarini mwaka 1994, watu wakashangilia, uangalizi ukapungua, na 2014 akarudishwa huko huko kwenye orodha. Hajafa, wako mamia, lakini amerudi. Kulea hakuishi. Mfadhili anapenda mradi wa miaka mitatu wenye picha ya kufungua na picha ya kufunga, na ndege hawajui miaka mitatu ni nini. Jones alifika pale 1979 na akaendelea na hao ndege wa Morisi miaka arobaini na zaidi, na wale vijana wa Morisi waliokuwa wanabeba panya weupe msituni kila siku, jua na mvua, majina yao hayako kwenye tuzo na bila wao hakuna tuzo.

Nikifikiria hiyo miaka arobaini ndo naona shida yetu ni nini hasa, kwa sababu watu wa namna hiyo tunao. Tunao wamejaa. Kijana wa Lurambi anayejua njiwa wake mia kwa sura. Yule mama wa Ileho anayejua kuku gani ana roho ya kulea na gani atavunja mayai, na hutamwona kwa mkutano wowote wa uhifadhi isipokuwa yeye ndiye amepika chakula. Juzi nimemuuliza mtu mmoja msomi kwa nini hawaajiri watu kama hao kwenye miradi ya ndege, akaniangalia kama nimemuuliza kwa nini hawaajiri mganga. Akasema hawana vyeti. Nikamwambia hata Jones alitolewa mbio darasani mara nyingi na walimu wakiona mawazo yake yako kwa ndege, hiyo niliitunga lakini alinyamaza.

Yale mayai ya bata ya kukhu nakumbuka yalipoanguliwa siku moja, saba kati ya nane. Kuku aliwalea vizuri sana, akawafundisha kuchakura, wakawa wanamfuata nyuma foleni. Wiki ya pili wakafika karibu na kijito, na wale wadogo wakaona maji, wakaingia wote saba bila kugeuka. Kuku akapagawa. Anakimbia ukingoni huku na huku, anapiga kelele, manyoya yamesimama, anaingiza mguu mmoja anautoa. Kukhu alikuwa anafua hapo karibu, akatikisa mikono sabuni, akatoa punje za mahindi kwenye leso akamrushia. "Njoo ule, mama," akamwambia, "wewe umemaliza."